St Pancras isomwe kuanzia sakafuni

Ukitaka kuielewa stesheni ya St Pancras iliyoko London, acha minara kwanza. Anza na kimo cha reli. Karibu kila uamuzi mkubwa katika jengo hilo, kuanzia upana wa paa hadi mteremko wa magari mbele ya hoteli ya stesheni, umetokana na jambo moja: treni zinaingia zikiwa karibu mita 5 juu ya barabara.

Kampuni ya reli ya Midland, yenye makao yake Derby, ilikuwa na njia nyingi katikati ya Uingereza lakini haikuwa na mlango wake mwenyewe wa kuingilia London. Treni zake zilitumia njia ya kampuni nyingine, Great Northern, na kuishia kwenye stesheni yake ya King's Cross, jirani na hapa. Maonyesho makubwa ya mwaka 1862 yalipoleta umati, njia ile haikutosha. Treni za mwenye njia zikapita kwanza, za mpangaji zikasubiri. Mwaka 1863 Midland ikapata sheria ya Bunge ya kujenga reli yake kutoka Bedford hadi London.

Kaskazini ya uwanja uliochaguliwa kuna kikwazo: mfereji wa Regent, ambao mashua za mizigo zilikuwa zikiutumia. Great Northern walikuwa wameshapita chini yake kwa handaki, ndiyo maana treni inayotoka King's Cross huanza safari kwa kupanda, na enzi za mvuke magurudumu ya injini nzito yalikuwa yakiteleza humo gizani. Mhandisi wa Midland, William Henry Barlow, aliamua kupita juu ya mfereji. Kwa kuwa kutoka hapo hadi Euston Road, barabara iliyo mbele ya stesheni, ni mwendo mfupi tu, treni hazikuwa na nafasi ya kuteremka taratibu hadi usawa wa barabara. Stesheni nzima ikabaki imeinuliwa.

Sasa uwazi huo ulio chini ya reli ufanywe nini? Wazo la kwanza lilikuwa kuujaza udongo uliochimbwa kwenye mahandaki ya njia mpya. Ni rahisi na haina gharama kubwa. Lakini Midland ilikuwa inasafirisha bia nyingi kutoka Burton-on-Trent, na bia ilihitaji ghala la baridi karibu na wateja. Barlow akaacha udongo, akajenga sakafu ya chuma juu ya mamia ya nguzo, na chini yake likapatikana ghala lenye ukubwa wa stesheni yote. Mabehewa ya bia yalishushwa humo kwa mashine ya nguvu ya maji.

Hapa ndipo pipa linapoingia katika usanifu. Kuta nene na nguzo za matofali zingekula nafasi na kuacha pembe ambazo mapipa hayapangiki. Barlow akachagua nguzo nyembamba za chuma cha kumimina, na umbali kati yao akautoa kwenye vipimo vya maghala ya bia: futi 14 na inchi 8, yaani karibu mita 4.5. Yeye mwenyewe alieleza baadaye, mbele ya wahandisi wenzake, kwamba urefu wa pipa la bia ndio uliokuwa kipimo cha mpangilio wote wa sakafu ile. Zidisha kipimo hicho mara mbili upate futi 29 na inchi 4, karibu mita 9. Huo ndio umbali kati ya tao moja la paa na jingine. Mistari ya chini na mistari ya juu inakutana, kila tao likitua pale ambapo mpangilio wa nguzo unaruhusu. Wanaosema Wavictoria, yaani Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria, walipenda madoido kuliko hesabu wangeanza ziara yao humu ghalani.

Paa lenyewe lina upana wa futi 240, karibu mita 73, bila nguzo hata moja katikati. Urefu wake ni futi 689, kama mita 210, na kileleni liko karibu mita 30 juu ya reli. Lilipokamilika mwaka 1868 hapakuwa na paa jingine la tao moja lenye upana huo duniani. Huwa linaelezwa kama jambo la fahari, la kampuni kutaka kuwapita majirani, na fahari ilikuwapo. Lakini sababu za Barlow zilikuwa za chini ya ardhi. Paa la matao mawili au matatu lingehitaji safu za nguzo katikati ya stesheni. Mzigo wa nguzo hizo ungepita kwenye sakafu, uingie ghalani, na udai misingi mizito kuliko ile ya nguzo za kawaida. Tena chini ya stesheni linapita handaki la reli inayoungana na njia za chini ya mji, na halifuati mistari ya nguzo. Linakatiza kwa mshazari. Kuweka mizigo mizito juu ya handaki la namna hiyo ni kutafuta nyufa. Tao moja liliondoa tatizo hilo lote, na likaacha sakafu huru: njia na majukwaa ya abiria yanaweza kupangwa upya wakati wowote bila kugusa paa. Faida hiyo ya mwisho ilisubiri miaka karibu 140 kabla ya kutumika ipasavyo.

Shida ya tao pana ni kwamba linasukuma nje. Uzito wa kileleni unateremka kwenye miguu, na miguu inataka kuteleza kwenda pembeni. Wajenzi wa makanisa waliizuia kwa kuta nene zenye mihimili ya nje. Wajenzi wa stesheni walizoea kufunga fito za chuma kutoka mguu hadi mguu, zikipita hewani juu ya vichwa vya abiria. Barlow alikuwa tayari na kitu bora zaidi: mihimili ya sakafu, ambayo ingekuwapo hata kama paa lisingekuwapo, imekatiza stesheni kutoka ukuta hadi ukuta. Akaiunganisha iwe mfululizo mmoja na kuifunga kwenye miguu ya matao. Ni uta na upote wake: tao ndilo uta, sakafu ndiyo upote, na msukumo wote unamalizwa humo humo ndani. Kuta za pembeni zikabaki kuwa kuta tu, na hewani hapakuwa na hata ufito mmoja.

Mpango huo una faida nyingine, isiyotajwa sana. Chuma hurefuka kwa joto. Paa la kawaida la chuma lilihitaji mguu mmoja uwekwe juu ya magurudumu madogo ili liweze kujinyoosha, na magurudumu hayo hujaa vumbi na kutu, yakaganda. Yakishaganda, kila siku ya jua ukuta unasukumwa. Hapa St Pancras tao hujinyoosha kwenda juu: kileleni hupanda kidogo wakati wa joto na kushuka wakati wa baridi, miguu ikiwa palepale. Upote wake, kwa kuwa umefunikwa chini ya majukwaa, hali yake ya joto haibadiliki sana. Hakuna magurudumu ya kutia mafuta.

Kila tao ni fremu ya chuma cha kufua, yenye kina cha futi 6, iliyosukwa kwa vipande vya mshazari na kupigwa ribiti, yaani misumari minene ya kuunganishia bamba za chuma. Barlow aliumba sura na hesabu. Rowland Mason Ordish alisaidia kwenye uchoraji wa kina wa viungo. Kampuni ya Butterley ya Derbyshire ilitengeneza na kusimamisha. Tofauti ya vyuma viwili ni ya kuzingatia. Chuma cha kumimina kinabeba vizuri kikibanwa, lakini kikivutwa au kupindwa kinakatika ghafla bila kuonya. Chuma cha kufua kinavumilia kuvutwa, na kikizidiwa hujipinda kwanza. Basi nguzo za ghalani, ambazo kazi yake ni kubanwa tu, ni za kumimina. Matao na mihimili, ambayo hupindwa na upepo na uzito, ni vya kufua. Mtu akikarabati jengo la aina hii akatoboa nguzo ya kumimina ili aning'inize bomba, au akachomelea kitu juu yake bila ujuzi, anatengeneza mahali pa kuanzia ufa.

Matao yalisimamishwa kwa kiunzi kikubwa cha mbao kilichosukumwa juu ya reli. Vipande vya tao viliinuliwa, vikaunganishwa juu ya kiunzi, tao likishajishikilia lenyewe kiunzi kikasogezwa mbele kwenda kwenye nafasi inayofuata. Huwezi kufanya hivyo kama sakafu haijawa tayari, na hii ni sababu nyingine ya kusema kazi yote ilianzia chini.

Angalia kilele cha paa na utaona halikuwa duara kamili. Lina ncha kidogo. Barlow alisema ncha hiyo inasaidia tao kupambana na upepo wa pembeni na pia inapendeza. Watu wengi hudhani ni heshima kwa mtindo wa Kigothiki, ule wa makanisa ya kale yenye matao ya ncha, wa hoteli iliyo mbele. Hapana. Msanifu wa hoteli aliikuta ncha ipo, akafurahi.

Jirani wa karibu anaonyesha mambo yanavyoweza kwenda vibaya. King's Cross, kazi ya Lewis Cubitt iliyofunguliwa mwaka 1852, ina matao mawili ya futi 105 kila moja, na mwanzoni yalikuwa ya mbao: mbao nyembamba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kukunjwa. Mvuke, moshi na unyevu haviendi na mbao za namna hiyo. Tao la mashariki lilibadilishwa kuwa la chuma miaka ya 1869 na 1870, la magharibi likafuata katika miaka ya 1880. Barlow alipokuwa akichora, somo hilo lilikuwa ng'ambo ya barabara.

Chuma nacho kina adui zake. Katika fremu iliyopigwa ribiti, maji hujipenyeza kati ya bamba na bamba. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inasukuma bamba zitanuke na mwishowe vichwa vya ribiti hukatika. Kupaka rangi juu ya kutu ya namna hiyo ni kuifungia ndani iendelee na kazi. Mahali pa kukagua kwanza ni miguu ya matao, ambapo takataka na maji hukusanyika, na pale ambapo vioo vinakutana na mifereji ya paa. Barlow alitumia vioo vilivyopangwa kwa migongo na mabonde sehemu ya katikati ya paa, na vigae vya mawe juu ya mbao pande za chini. Migongo na mabonde hupitisha mwanga vizuri na kumwaga maji haraka, lakini kila bonde ni mfereji, na kila mfereji ukizibwa na masizi au manyoya ya njiwa unavuja. Vioo hivyo vilipata hasara wakati wa vita, na baadaye vikabadilishwa kwa mpangilio wa kawaida zaidi. Matengenezo yaliyomalizika mwaka 2007 yalirudisha migongo na mabonde, na chuma kikapakwa rangi ya samawati kama anga.

Treni za abiria zilianza kuingia tarehe 1 Oktoba 1868. Wakati huo mbele ya paa hapakuwa na hoteli ila eneo la ujenzi. Shindano la kuichora lilifanyika mwaka 1865, na George Gilbert Scott akashinda kwa mchoro mkubwa na wa gharama kuliko kampuni ilivyoomba. Mei 1866 benki ya Overend, Gurney ilianguka, fedha zikawa adimu kote London, na Midland ikamtaka Scott apunguze. Ghorofa moja iliondolewa. Midland Grand Hotel ilipokea wageni wa kwanza tarehe 5 Mei 1873 na ujenzi wote ukakamilika mwaka 1876.

Kuna hadithi inayorudiwa kila mara, kwamba Scott alichukua michoro yake ya Kigothiki iliyokataliwa na waziri mkuu Palmerston kwa ajili ya wizara ya mambo ya nje, akaiuzia kampuni ya reli. Ni kweli Palmerston alimlazimisha Scott ajenge wizara ile kwa mtindo wa Kiitalia. Lakini ukiweka michoro ya wizara kando ya hoteli, ni majengo mawili tofauti: mpango wa vyumba ni tofauti, vimo ni tofauti, na ubawa wa magharibi wa hoteli, ule unaojikunja kuelekea Euston Road, umetokana na umbo la kiwanja hiki na si kingine.

Scott alipaswa kupatanisha usawa wa aina mbili. Barabara iko chini, majukwaa yako juu. Jibu lake ni mteremko wa magari unaopanda kutoka barabarani hadi mbele ya jengo, na lango kubwa la tao linaloingiza magari moja kwa moja kwenye usawa wa treni. Hoteli haibebi paa la treni na paa haliegemei hoteli. Ni majengo mawili yaliyosimama mgongo kwa mgongo, kila moja na mbunifu wake, na mwisho wa paa umefungwa kwa ukuta wa vioo uliobebwa na chuma. Wanaolalamika kwamba mhandisi na msanifu hawakuzungumza wana haki kiasi fulani, lakini mtengano huo ndio uliookoa vyote viwili: moja liliweza kufungwa kwa miongo mingi huku jingine likiendelea kufanya kazi.

Vifaa vya ukutani vilikuwa tangazo la biashara. Matofali mekundu yalitoka Nottingham, kwenye viwanda vya Edward Gripper. Vigae vya mawe vya paa vilitoka Leicestershire. Chuma kilitoka Derbyshire. Yote ni maeneo ya Midland, na mfanyabiashara yeyote aliyetazama ukuta ule aliona mizigo ambayo reli ingeweza kumletea. Matofali ya Gripper yalishindiliwa kwa mashine na kuchomwa sana, hivyo yana kingo kali na viungo vyake vya chokaa ni vyembamba mno. Yamestahimili moshi wa makaa kuliko mawe yaliyoyazunguka. Moshi huo una salfa. Ukikutana na unyevu na mawe ya chokaa, uso wa jiwe hugeuka jasi. Mahali mvua inapopiga, jasi inaoshwa na jiwe linapungua polepole. Mahali mvua haifiki, chini ya vipandio na ndani ya michongo, jasi hubaki, inanasa masizi na kuwa gamba jeusi, ambalo siku moja hudondoka likiwa limebeba mchongo wenyewe. Jiwe jekundu la mchanga lina tabia nyingine: humenyeka kwa tabaka.

Kwa anayekarabati ukuta kama huu, kosa linaloharibu zaidi ni kujaza viungo kwa saruji. Chokaa hupumua, unyevu ulioingia ukutani hutokea kwenye viungo. Saruji ni ngumu na haipitishi, kwa hiyo unyevu hulazimika kutokea usoni mwa tofali, na baridi ya kwanza ya kugandisha maji inaubandua uso huo. Upande wa vigae, jiwe lenyewe huishi muda mrefu sana. Kinachokufa ni msumari. Paa likianza kudondosha vigae vizima visivyovunjika, tatizo ni misumari iliyoliwa na kutu, na kurudisha kigae kimoja kimoja ni kupoteza pesa.

Ndani ya hoteli, kitu cha kutazama ni ngazi kuu. Inapanda ghorofa tatu ikiwa na mihimili ya chuma iliyopambwa na kuachwa wazi, si kufichwa nyuma ya plasta. Scott, aliyejulikana kwa makanisa, hakuona aibu kuonyesha chuma. Jengo lilikuwa na lifti za nguvu ya maji, na mwaka 1899 likawekewa mlango wa kuzunguka ambao huhesabiwa kuwa wa kwanza Uingereza. Lakini lilikuwa na kasoro ambayo hakuna fundi aliyeweza kuiondoa. Vyumba vilikuwa karibu 300, na mabafu yalihesabika kwa vidole. Mwaka 1873 hilo lilikuwa sawa: mtumishi alileta maji ya moto na beseni chumbani. Miaka ya 1920 mgeni mwenye pesa alitaka bafu lake. Kupitisha mabomba kulimaanisha kutoboa sakafu nene zilizojengwa ili kuzuia moto, ghorofa baada ya ghorofa. Jambo lililosifiwa kama usalama likawa kifungo. Hoteli ilifungwa mwaka 1935 na kugeuzwa ofisi za reli. Katika miaka ya 1980 hata ofisi ziliondolewa kwa kukosa sifa za usalama wa moto, jambo ambalo lingemchekesha Scott, au lisingemchekesha hata kidogo.

Jengo nusura lipotee katika miaka ya 1960. Tao la Euston, lango maarufu la stesheni nyingine ya jirani, lilikuwa limeshabomolewa. Mshairi John Betjeman, mwanahistoria wa usanifu Nikolaus Pevsner na Jumuiya ya Wavictoria, inayotetea majengo ya enzi hiyo, walipiga kelele, na Novemba 1967 stesheni na hoteli vikaorodheshwa katika daraja la kwanza la ulinzi. Hilo lilizuia kubomoa, halikuleta matunzo. Saa kubwa ya ndani, kwa mfano, iliuzwa kwa mnunuzi wa Marekani miaka ya 1970, ikaangushwa wakati wa kuiteremsha, na vipande vikanunuliwa na mfanyakazi wa reli aliyevibandika upya ukutani mwa banda lake Nottinghamshire. Inayoonekana leo imetengenezwa na Dent, watengenezaji wa ile ya kwanza.

Ilipoamuliwa kwamba treni za kwenda Ufaransa zije hapa, sakafu ya Barlow ilirudi kuwa kiini cha mambo. Treni hizo zina urefu wa karibu mita 400 na paa lina 210, kwa hiyo majukwaa yaliendelezwa kaskazini chini ya paa jipya tambarare ambalo halijaribu kuiga tao. Abiria walihitaji ukumbi wa ukaguzi na wa kusubiri, na ghala la bia ndilo lililokuwa na nafasi. Lakini kulifikishia mwanga na ngazi ilibidi sakafu itobolewe, na sakafu ndiyo inayozuia matao yasisukume nje. Kila tundu likawa suala la paa: kabla ya kukata, nguvu iliyokuwa ikipita pale ilipaswa kupewa njia nyingine. Treni za kwanza za Eurostar, kampuni ya treni hizo za Ufaransa, ziliondoka hapo tarehe 14 Novemba 2007.

Hoteli ilifunguliwa tena mwaka 2011, na suala la mabafu lilimalizwa kwa njia ya pekee iliyowezekana. Vyumba vingi vya wageni viko katika ubawa mpya wa matofali uliojengwa upande wa magharibi, wenye mabomba yaliyopangwa tangu michoroni. Jengo la Scott limebaki na vyumba vichache vikubwa, ambapo kila kimoja kinaweza kumudu kutobolewa sakafu, na ghorofa za juu zimegeuzwa nyumba za makazi.